Edward Appleton: Mtafiti Aliyelipima Anga la Redio

Utangulizi

Wahenga walilonga kwamba usilolijua ni sawa na usiku wa kiza. Marehemu babu yangu, aliyechuma majani chai miaka mingi katika mashamba ya Kericho kabla ya kurejea kwake Bomet, alikuwa na redio ya betri aliyoitunza kama mboni ya jicho. Jioni redio hiyo ilimletea habari za Kiswahili kutoka London na Ujerumani bila taabu. Lakini kuna siku za mchana ambapo stesheni zote za mawimbi mafupi zilinyamaza ghafla, zikarudi polepole baada ya nusu saa hivi. Babu alizilaumu betri, akazitoa na kuzianika juani. Sisi wajukuu tulishukiwa kuichezea redio, na nilipata kuchapwa kwa kosa ambalo sikulitenda. Nilipoingia chuo kikuu ndipo nilipotambua kwamba huenda siku nyingine lililostahili lawama ni jua lenyewe. Makala haya yanasimulia maisha ya msomi aliyetuwezesha kulielewa jambo hilo.

Malezi na elimu

Edward Victor Appleton alizaliwa tarehe 6 Septemba 1892 katika mji wa Bradford, Uingereza. Hakutoka katika jamaa ya kitajiri. Baba yake alifanya kazi katika ghala. Bidii ya kijana huyu shuleni ilimpatia msaada wa masomo, na mwaka 1911 akajiunga na Chuo cha St John's, Cambridge, alikosomea fizikia. Vita Vikuu vya Kwanza vilimkatiza utafiti wake. Alitumikia katika kikosi cha wahandisi wa jeshi, kitengo cha mawasiliano, na huko ndiko alikovutiwa na fumbo la ishara za redio zinazofifia na kurudi bila sababu ya wazi.

Fumbo hilo lilikuwa limewatatiza wengi. Mwaka 1901 Marconi alikuwa ametangaza kwamba amepokea ishara ya redio kutoka ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, ilhali mawimbi husafiri kwa mstari ulionyooka na dunia ni mviringo. Mwaka 1902 Kennelly na Heaviside, kila mmoja kwa njia yake, walikisia kwamba juu angani kuna tabaka lenye umeme linalorudisha mawimbi ardhini. Dhana hiyo ilikuwa bado haijathibitishwa.

Jaribio la 1924

Mwaka 1924 Appleton aliteuliwa kuwa profesa katika Chuo cha King's, London. Usiku wa tarehe 11 Desemba mwaka huo, yeye na mwanafunzi wake Miles Barnett kutoka New Zealand walitumia mtambo wa BBC wa Bournemouth baada ya matangazo ya siku kwisha, huku wakipokea ishara zake Oxford. Mtambo ulibadilisha urefu wa mawimbi kidogo kidogo. Wimbi lililopita ardhini lilikutana na lile lililorudi kutoka angani. Mara yakaongezana nguvu, mara yakapunguzana. Kwa kuhesabu mabadiliko hayo, walikokotoa kwamba tabaka hilo liko umbali wa kilomita 100 hivi juu ya ardhi.

Baadaye Appleton aligundua tabaka jingine lililo juu zaidi, zaidi ya kilomita 200. La kwanza aliliita E, la pili F, akaacha nafasi ya D kwa tabaka ambalo lingeweza kupatikana chini yake. Katika muongo huohuo, makampuni makubwa ya chai yalikuwa yakianzisha mashamba Kericho, na mwaka 1928 matangazo ya redio yakaanza nchini Kenya.

Jua na ukimya wa redio

Tabaka D, lililo kati ya kilomita 60 na 90 hivi, ndilo kiini cha kisa cha babu. Mlipuko unapotokea juu ya jua, miale ya eksirei hutufikia baada ya dakika nane. Miale hiyo hung'oa elektroni kutoka kwa atomu za hewa. Wimbi fupi linapopita hapo huzitikisa elektroni hizo, nazo hugongana na chembe za hewa, na nguvu ya wimbi ikapotea kama joto. Matokeo yake ni ukimya. Usiku tabaka hilo hutoweka, na ndiyo sababu stesheni za mbali husikika vyema baada ya jua kutua. Aidha, upande wa dunia ulio gizani haudhuriwi na miale hiyo, na athari huwa kali zaidi pale jua lilipo utosini, kama ilivyo kwetu karibu na ikweta.

Mmarekani Dellinger ndiye aliyehusisha ukimya huo na milipuko ya jua mwaka 1935, na roketi za Marekani zikapima eksirei za jua mwaka 1949. Mfano mkubwa ni mlipuko wa tarehe 28 Oktoba 2003, uliofikia kilele saa nane na dakika 10 mchana kwa saa za Kenya.

Appleton naye aliendelea. Mwaka 1946 alionyesha kwamba mchana tabaka F huwa na elektroni chache juu ya ikweta ya sumaku kuliko pande zake mbili za kaskazini na kusini. Ikweta hiyo hupita Ethiopia, nasi tuko kusini mwake. Hivi leo anga hili la ikweta huwashughulisha wataalamu, kwani misukosuko yake baada ya machweo huvuruga ishara za setilaiti zinazoelekeza ndege na simu zetu.

Heshima na mauti

Tangu 1939 Appleton aliongoza idara ya serikali ya Uingereza ya utafiti wa sayansi na viwanda. Mwaka 1947 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Mwaka 1949 akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, wadhifa alioushikilia hadi alipofariki tarehe 21 Aprili 1965, akiwa na umri wa miaka 72.

Hitimisho

Babu alifariki bila kuelezwa hayo. Alikijua Kiswahili barabara, na maelezo haya angeyafuata bila shida, lakini hakuna aliyemwandikia. Redio za FM zinazosikika leo Kericho na Bomet hazitegemei mwangwi wa anga, hivyo wajukuu hawachapwi tena kwa kosa la jua. Hata hivyo, deni lingali palepale. Tunajadili istilahi madarasani mwaka nenda mwaka rudi; wakati umewadia wa kuzitumia kuandika sayansi ambayo mchumaji wa majani chai anaweza kuisoma na kuielewa.