William Burges, Mjenzi wa Kanisa Kuu la Cork

Katika mji wa Cork, kusini ya nchi ya Ireland, liko kanisa kuu la Mtakatifu Fin Barre, nalo ni la Waanglikana. Lina minara mitatu mirefu yenye ncha. Aliyelichora ni William Burges, Mwingereza, aliyezaliwa London mwaka 1827. Baba yake alikuwa mhandisi mwenye mali. Mwana naye akasoma uhandisi, kisha akajifunza kuchora majengo.

Burges alisafiri sana Ulaya, akayatazama makanisa ya kale, akayapenda hasa yale ya Ufaransa ya karne ya 13. Mara mbili, kwa ajili ya Lille na Constantinople, alishinda mashindano ya kuchora kanisa, lakini michoro yake haikujengwa. Hata hivyo hakukata tamaa. Mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 35, alishinda mashindano ya Cork.

Watu wa Cork walikuwa wameweka mpaka wa gharama, yaani pauni 15,000. Burges hakuihesabu minara wala sanamu, na washindani wenzake wakanung'unika. Jiwe la msingi likawekwa mwaka 1865, na kanisa likawekwa wakfu mwaka 1870, minara ikiwa bado. Burges mwenyewe akalitolea zawadi, sanamu ya malaika iliyopakwa dhahabu, ikawekwa juu ya paa upande wa mashariki. Minara ikaisha mwaka 1879, hasa kwa fedha za matajiri wawili wa mji, mmoja mwenye kiwanda cha bia, na mwenziwe mwenye kiwanda cha pombe kali. Gharama yote ilipita pauni 100,000.

Mwaka 1877 Burges alimwandikia Askofu kwamba baada ya miaka 50 muda na gharama vitasahauliwa, na kazi peke yake itaangaliwa. Ndivyo ilivyokuwa, wageni husifu uzuri wake, wala hawaulizi bei. Burges alifariki London mwaka 1881, mwenye miaka 53.

Wapenzi wasomaji, bidii yake na ukarimu wake ni vya kufuatwa. Lakini mbele ya kanisa lile aliweka sanamu za wanawali kumi, na wale watano wenye busara walipima mafuta yao mapema. Basi sisi tunaojenga nyumba ya Bwana kwa sadaka za maskini, tuwaambie washarika gharama yote tangu siku ya kwanza.