Dakta Mondlane na Ushahidi wa Betri

Marehemu Dakta Eduardo Mondlane alizaliwa mwaka 1920 katika jimbo la Gaza, akapata shahada ya udaktari huko Marekani mwaka 1960. Mwaka 1962, mjini Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Rais wa FRELIMO. Na Septemba 25, 1964 vita vya ukombozi vikaanza Cabo Delgado, jimbo lenye pwani ya Olumbi. Februari 3, 1969 alifungua kifurushi cha kitabu kilichotegwa bomu, akauawa. Polisi wa Tanzania walikusanya vipande, na kwa msaada wa Interpol wakazifuatilia betri kutoka Japani hadi Lourenço Marques, makao ya utawala wa Kireno. Ndugu askari, kipande kidogo kikichambuliwa kwa elimu huonyesha njia aliyopita adui.