Hugh Tracey: Mkusanyaji wa santuri aliyezihifadhi sauti za Kapkatet

MSAFIRI atokaye Nakuru kuelekea magharibi huipanda milima ya Mau, kisha huteremka hadi katikati ya mashamba ya chai ya Kericho. Akiishika barabara ya Sotik na kupita Litein, hufika Kapkatet, kituo kidogo cha biashara katika nchi ya Wakipsigis. Hapo ndipo mwaka wa 1950 Mwingereza mmoja alipoegesha gari lililosheheni mitambo ya kunasia sauti, akarekodi wimbo wa wasichana ambao wapenzi wa santuri za kale wangali wanausaka na kupendekezeana hadi leo.

Mtu huyo alikuwa Hugh Tracey. Alifariki mwaka wa 1977, na ingawa jina lake halitajwi sana nchini Kenya, sehemu kubwa ya muziki wa Afrika Mashariki uliosalia kutoka miaka ya 1950 umesalia kwa sababu yake.

Tracey alizaliwa tarehe 29 Januari 1903 katika jimbo la Devon, kusini magharibi mwa Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, kabla hajatimiza miaka 20, alisafiri hadi Rhodesia ya Kusini, ambayo sasa ni Zimbabwe, kumsaidia ndugu yake katika shamba la tumbaku. Wazungu wengi wa wakati huo walijifunza lugha ya wenyeji kwa kiasi cha kuweza kuamrisha tu. Kijana huyo alitaka zaidi. Alijifunza Kikaranga, mojawapo ya lahaja za Kishona, na akaanza kuimba pamoja na vibarua waliokuwa wakifanya kazi shambani.

Nyimbo hizo zilimwonyesha jambo ambalo serikali za kikoloni na wamishonari wengi hawakulikubali: kwamba muziki wa Waafrika ulikuwa na kanuni zake, historia yake na mabingwa wake. Mwaka wa 1929 aliwachukua vijana 14 wa Kikaranga akasafiri nao hadi Johannesburg, ambako kampuni ya Columbia ya London ilikuwa imeleta mitambo yake. Santuri zilizotokana na safari hiyo zilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa za muziki wa asili wa nchi hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alipata ufadhili wa shirika la Carnegie la Marekani kuendeleza utafiti wake. Ufadhili ulipokwisha, aligeukia utangazaji wa redio nchini Afrika Kusini, na kuanzia mwaka wa 1936 hadi 1947 alisimamia studio ya Durban. Katika miaka hiyo alivuka mpaka mara kwa mara kwenda Msumbiji kuwasikiliza Wachopi, mafundi wa marimba ya mbao, na mwaka wa 1948 akachapisha kitabu juu yao.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka wa 1947. Kampuni ya santuri ya Gallo ya Johannesburg ilikubali kugharimia safari zake. Kwa kampuni hiyo, Afrika ilikuwa soko. Kwa Tracey, soko lilikuwa njia ya kulipia petroli, tepu na vipuri. Ndoa hiyo ya biashara na utafiti ndiyo iliyomfikisha Kongo, Tanganyika, Uganda na Kenya.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Vijiji vingi havikuwa na umeme, hivyo msafara wake ulibeba jenereta. Kwa kuwa jenereta hunguruma, ilibidi iwekwe mbali, nyuma ya nyumba au kichaka, na nyaya ndefu zitandazwe hadi kwenye mitambo. Tracey hakuitundika maikrofoni mahali pamoja. Aliishika mkononi, akaisogeza kwa mwimbaji, kwa ngoma, kisha kwa mpiga zeze, ili kila sauti isikike. Tena, upande mmoja wa santuri za wakati huo ulibeba takriban dakika tatu tu. Wimbo ambao kijijini ungeendelea usiku kucha ulilazimika kukomea hapo.

Mwaka wa 1949, akiwa Jadotville huko Katanga, mji ambao sasa unaitwa Likasi, alikutana na kijana mpiga gitaa, Mwenda Jean Bosco. Wimbo wake wa Masanga, ulioimbwa kwa Kiswahili, ulisambaa katika santuri hadi Nairobi, na mtindo wake wa kudona nyuzi kwa vidole ukaigwa na wapiga gitaa wengi wa Kenya. Chama cha Muziki wa Afrika, ambacho Tracey alishiriki kukianzisha, kiliutunuku wimbo huo. Hapo alikuwa amekwisha kuwa zaidi ya mkusanyaji: alikuwa mtu ambaye pendekezo lake liliweza kumtoa mwanamuziki kijijini na kumfikisha kwenye masikio ya ulimwengu.

Mwaka uliofuata alifika Kapkatet. Wakipsigis walikuwa tayari wamezijua gramafoni zilizoletwa na wageni, na miongoni mwa sauti walizozisikia ilikuwamo ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi, Marekani, aliyefariki kwa kifua kikuu mwaka wa 1933. Rodgers alijulikana kwa gitaa lake na kwa namna ya kuirusha sauti kutoka chini hadi juu ghafla. Jina lake lilipopita katika vinywa vya Wakipsigis, likageuka na kuwa Chemirocha.

Tracey alirekodi nyimbo tatu zenye jina hilo. Iliyopata sifa kuu ni ya tatu, iliyoimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, ikisindikizwa na ala ya nyuzi ambayo Tracey aliiandika kwa jina la chepkongo. Katika maelezo yake aliandika kwamba mgeni huyo wa kwenye santuri alikuwa amegeuka katika fikira za waimbaji kuwa kiumbe cha ajabu, nusu mtu na nusu paa, na kwamba wasichana walimwita aje acheze nao. Wimbo ni mfupi, sauti ni nyororo, na mdundo wake hauna haraka.

Umuhimu wa wimbo huo hauishii katika utamu wake. Tracey alikuwa na hofu kwamba shule, makanisa, miji na santuri za kigeni zingeua muziki wa asili wa Afrika. Alipenda kupendekeza kile alichokiona kuwa safi, na aliutilia shaka mchanganyiko. Hata hivyo, rekodi iliyompa sifa nyingi zaidi katika Bonde la Ufa ilizaliwa kutokana na mchanganyiko huohuo. Wasichana wa Kapkatet waliisikia santuri ya kigeni, wakaichukua, wakaigeuza kuwa yao. Badala ya kuua ubunifu, gramafoni ilikuwa imeuchokoza.

Mwaka wa 1954 Tracey alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika huko Roodepoort, karibu na Johannesburg. Kutoka hapo zilitoka santuri zaidi ya 200 za mfululizo wa Sauti ya Afrika, zilizokusudiwa hasa vyuo na maktaba, pamoja na mfululizo mwingine wa santuri 25 kwa wasikilizaji wa kawaida. Kila wimbo uliandikiwa kadi: jina la mwimbaji, kabila, lugha, ala, mahali na mwaka. Mwaka huohuo alianza pia kutengeneza kwa ajili ya kuuza kalimba, ala ndogo ya vidole aliyoibuni kwa kuiga mbira.

Wakusanyaji wa santuri wanaelewa thamani ya kadi kama hizo. Mpenzi wa rege mjini Nakuru anayetafuta sahani ya Jamaika ya miaka ya 1970, au ile ya dabu ambayo fundi wa studio ameyaondoa maneno na kubakiza besi na ngoma, kwanza huitazama lebo: nani aliimba, nani alirekodi, wapi na lini. Sahani isiyo na lebo ni kama mtoto asiyejua ukoo wake. Tracey aliyaandika majina ya Chemutoi Ketienya na wengine wengi katika zama ambapo waandishi wa kikoloni waliridhika kutaja kabila tu.

Thamani ya kazi yake ilidhihirika zaidi baada ya misiba ya kihistoria. Alikuwa amewarekodi wanamuziki wa kasri la Kabaka huko Mengo, Uganda. Mwezi wa Mei 1966 majeshi ya Milton Obote yalilishambulia kasri hilo, Kabaka Mutesa wa Pili akakimbilia uhamishoni, na ala za kifalme zikateketea. Kilichosalia cha sauti ya muziki ule wa kale wa kasri kimo kwa kiasi kikubwa katika tepu za Tracey.

Lakini sifa hizo haziondoi maswali. Tracey alikuwa mtu wa enzi ya ukoloni, na alifanya kazi yake akiwa na makao katika nchi iliyotawaliwa kwa sheria za ubaguzi wa rangi. Sauti zilichukuliwa kutoka Kapkatet zikapelekwa Johannesburg na London, zikauzwa na kusikilizwa na watu ambao waimbaji hawakuwajua. Wenye nyimbo walibaki na nini? Swali hilo linahusu fedha, na linahusu pia haki ya mtu kuisikia sauti yake mwenyewe au ya mama yake.

Tracey hakuishi kulijibu. Alifariki tarehe 23 Oktoba 1977. Mwanawe, Andrew Tracey, aliihamishia maktaba katika Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Grahamstown, ambao tangu mwaka wa 2018 huitwa Makhanda. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya SWP ya Uholanzi ilianza kuzitoa upya rekodi zake katika sidii, na kizazi kipya cha wakusanyaji kikazifahamu.

Jibu lilianza kupatikana mwaka wa 2014, pale maktaba hiyo iliposhirikiana na mradi wa Singing Wells na studio ya Ketebul Music ya Nairobi, inayoongozwa na Tabu Osusa, kuzirudisha rekodi hizo kwa jamii zilizoziimba nchini Kenya. Kapkatet nayo ilifikiwa. Wazee waliokuwa vijana mwaka wa 1950 walizisikiliza sauti za rika lao, zaidi ya miaka 60 baada ya gari la Tracey kuondoka.

Katika miongo hiyo yote, Bonde la Ufa halikukaa kimya likimsubiri mkusanyaji kutoka nje. Mji wa Kericho ulipata kampuni yake ya santuri, Chandarana, iliyotoa muziki wa wasanii wa eneo hilo na wa mbali, na sahani zake nazo sasa zinatafutwa kwa hamu. Nyingi zimo majumbani, chini ya vitanda na juu ya makabati, bila kadi na bila orodha. Mwenye kuzitunza, akaandika jina la mwimbaji na mahali alikotoka, huwa anaifanya kazi ileile ya Tracey, kwa tofauti moja kubwa: sauti hizo hazihitaji kusubiri miaka 60 ili zirudi nyumbani.