Mama Alexandra, muombaji wa Lhasa

Tumukumbuke leo Mama Alexandra David-Néel, aliyezaliwa Ufaransa mwaka wa 1868, mama yake Mubelgiji. Mji wa Lhasa, katika Tibet, ulikatazwa kwa wageni. Kumbe yeye hakukubali. Mwaka wa 1923, na miaka 55, alijipaka masizi usoni, akavaa kama muombaji. Na kijana Yongden, lama aliyemulea kama mutoto, wakatembea toka Yunnan miezi mine. Njaa ilipozidi, walichemusha ngozi ya viatu, wakakunywa ule muchuzi. Februari 1924 waliingia Lhasa, wakaona sikukuu ya Monlam: watawa maelfu, sanamu za siagi. Alipotimiza miaka 100, aliomba tena pasipoti mupya. Sisi tunaosema tumezeeka, tujiulize.