Ethel Waters: kutoka Broadway hadi kiti cha kwaya

Tunapowazungumzia waimbaji katika makusanyiko yetu, tunawagawa upesi: hawa ni wa kanisa, wale ni wa dunia. Ethel Waters aliimba pande zote mbili, na maisha yake hayaingii vizuri katika mgawanyo huo.

Alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1896 huko Chester, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mama yake, Louise, alikuwa msichana mdogo aliyebakwa. Tunaliandika neno hilo wazi, kwa sababu katika makanisa yetu ya mashariki wako dada waliobeba mimba ya namna hiyo, na wako watoto wanaoitwa majina mabaya na majirani. Ethel alikuwa mtoto kama hao. Louise hakuweza kumkaribisha moyoni. Nyanya yake, Sally Anderson, aliyefanya kazi za nyumbani kwa wazungu, ndiye aliyejaribu kumlea, lakini kazi ilimweka mbali siku nyingi, na msichana akakulia katika mitaa ya wezi na makahaba. Alieleza baadaye kwamba hakuonja utoto wala kubembelezwa na jamaa yake.

Akiwa na miaka 12 hivi alimpokea Yesu katika mikutano ya watoto ya kanisa la Methodist. Lakini akiwa na miaka 13 tayari alikuwa mke wa mtu, na ndoa hiyo haikudumu. Akawa mtumishi wa hoteli huko Philadelphia, kwa mshahara usiofika dolari 5 kwa juma. Ni sauti yake iliyomtoa hapo. Alianza kuimba bluzi katika majumba madogo ya watu weusi, na mwaka 1921 akarekodi sahani za santuri kwa Black Swan, kampuni ya watu weusi wenyewe.

Mwaka 1933 ulibadili mambo. Aliimba „Stormy Weather” katika Cotton Club ya Harlem, mahali ambapo waimbaji walikuwa weusi na wateja wazungu. Mtunzi Irving Berlin alimsikia, akamchukua kwa mchezo wa nyimbo wa Broadway ulioitwa „As Thousands Cheer”. Humo aliimba „Supper Time”. Ni wimbo wa mama anayetayarisha chakula cha jioni, naye hajui awaambieje watoto kwamba baba yao hatarudi, kwa sababu kundi la wazungu limemuua. Watu walikuwa wamelipa tiketi ili wacheke! Ethel aliwasimamisha mbele ya mama huyo, wakasikiliza. Sisi tuliosomea kuhubiri tunajua jinsi ilivyo vigumu kufanya hivyo hata mimbarani.

Baadaye zikaja „Mamba's Daughters” mwaka 1939, na „Cabin in the Sky” mwaka 1940. Kwa sinema „Pinky” ya 1949 alipendekezwa kwa tuzo ya Oscar. Mwaka 1950, katika „The Member of the Wedding”, alicheza mpishi Berenice, na hapo akauingiza wimbo wa kiroho alioupenda tangu utotoni kwa nyanya yake, unaohusu jicho la Mungu lililo juu ya shomoro, kama tunavyosoma katika Matayo 10. Kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1951, alikipa jina la wimbo huo.

Tusimfanye mtakatifu. Alikuwa mkali, ndoa zake zilivunjika, fedha zilimpita mkononi. Katika miaka ya 1950 kazi ilipungua, deni la kodi likamwelemea, mwili ukawa mzito mno, na upweke ukamzidi.

Mwaka 1957 Billy Graham alihubiri kwa majuma mengi huko New York, katika Madison Square Garden. Ethel alikuja kama msikilizaji tu. Kisha akaomba nafasi katika kwaya, watu zaidi ya elfu moja, akaketi humo kati ya watu wasiojulikana, usiku baada ya usiku. Baadaye walimwita mbele aimbe peke yake, na alichoimba kilikuwa kile cha shomoro. Kwa karibu miaka 20 aliendelea kuimba katika mikutano hiyo, hadi ugonjwa ulipomzuia. Alifariki California tarehe 1 Septemba 1977, akiwa na miaka 80.