Imamu Bukhari na Heshima ya Elimu

Jina la Imamu Bukhari twalisikia katika kila darasa, bali ni wachache miongoni mwetu wajuao kwamba bwana huyu alikufa hali ya kuwa amefukuzwa mjini kwao.

Muhammad bin Ismail alizaliwa Bukhara mwaka 194 wa Hijra (810). Baba yake alifariki naye angali mdogo, akalelewa na mama yake. Alipopata umri wa miaka 16 alikwenda Hija pamoja na mama yake na nduguye. Wao wakarejea, yeye akabaki Makka kutafuta Hadithi. Kisha akasafiri Iraq, Sham na Misri, akiwaendea wanavyuoni mmoja baada ya mmoja.

Hakuwa akiipokea khabari kwa kuwa yapendeza masikioni, wala kwa ukubwa wa kilemba cha msemaji. Alimchunguza kila mpokezi: ukweli wake, hifadhi yake, na kwamba alikutana kweli na yule anayepokea kwake. Imepokewa kuwa aliichagua Sahihi yake katika Hadithi 600,000, kwa muda wa miaka 16. Nazo zilizomo, pamoja na zilizokaririwa, hazifiki 8,000.

Aliporejea Bukhara katika uzee wake, liwali wa mji, Khalid bin Ahmad, alimtaka amchukulie vitabu vyake jumbani akamsomeshe huko. Imamu alikataa. Alimpelekea jawabu kuwa yeye haidhalilishi elimu kwa kuipeleka milangoni mwa watawala; aitakaye na aje msikitini akae pamoja na watu. Liwali akaghadhibika, akamtoa katika mji. Akafia Khartank, kijiji karibu na Samarkand, usiku wa kuamkia Idi ya Mfunguo Mosi, mwaka 256 (870).

Liwali yule leo hatajwi ila kwa kisa hiki, na kitabu cha yule aliyemfukuza chasomwa tangu zaidi ya miaka elfu moja.

Basi, ndugu zetu, na tujihesabu. Mara ngapi twaambiwa kuwa Mtume (S.A.W.) kasema hivi na hivi, nasi twaitikia pasi na kuuliza imepokewa na nani? Na mara ngapi elimu yetu yabisha hodi kwa matajiri na wakubwa, hali maskini wangoja msikitini? Kumsifu Imamu Bukhari ni wepesi. Kumfuata ndiko kuzito.