Frantz Fanon, tabibu aliyejifunza kwa wagonjwa wake

Wengi wanamjua Frantz Fanon kwa vitabu vyake vya kupinga ukoloni. Kazi yake ya kila siku, hata hivyo, ilikuwa kutibu maradhi ya akili, na nadhani huko ndiko kwenye habari inayotuhusu zaidi sisi wa Pwani.

Alizaliwa mwaka 1925 katika kisiwa cha Martinique, koloni la Ufaransa huko Karibi. Alipigana Vita vya Pili vya Dunia, kisha akasomea udaktari mjini Lyon. Baadaye alifanya kazi Saint-Alban chini ya Mhispania François Tosquelles, aliyeamini kwamba hospitali yenyewe ndiyo ya kutibiwa kwanza. Daktari, muuguzi na mgonjwa waishi kama watu wa nyumba moja, wafanye kazi, wacheze, wazungumze.

Mwishoni mwa 1953 Fanon akapelekwa hospitali ya Blida, Algeria. Alikabidhiwa wanawake 165 wa Kizungu na wanaume 220 Waislamu. Akaleta yale ya Saint-Alban: tafrija, sinema, gazeti la wodi, kazi za mikono. Wanawake wakachangamka. Wanaume wakanyamaza. Miezi ikapita, wapi!

Angeweza kusema kwamba Waalgeria ndivyo walivyo. Mabingwa wa Kifaransa mjini Algiers walifundisha hivyo. Hata hapa Kenya, Dkt. J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika kwamba Mwafrika anafanana na Mzungu aliyepasuliwa ubongo wa mbele, na mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikachapisha uchambuzi wake wa Mau Mau kana kwamba kudai ardhi ni ugonjwa. Fanon alikuja kumjibu kwa jina katika kitabu chake cha mwisho.

Pale Blida, yeye na msaidizi wake Jacques Azoulay walijiuliza wao wenyewe wamekosea wapi. Wanaume walikuwa wamepewa kazi ya kusuka, ambayo kwao ni ya wanawake. (Nani kwetu angemkalisha mzee wa watu asuke ukili?) Kuimba mbele ya hadhara waliona ni kujivunjia heshima. Gazeti halikuwa na maana, kwa kuwa wengi hawakujua kusoma. Na Fanon hakujua Kiarabu. Kila neno lilipitia kwa mkalimani, na mkalimani aliwakumbusha watu wale mahakama na askari.

Basi ikabadilishwa wodi, si wagonjwa. Kukafunguliwa mkahawa wa kienyeji, watu wakae wanywe na wapige soga kama barazani. Akaitwa msimulizi wa hadithi. Sikukuu za Kiislamu zikasherehekewa. Wengi walikuwa wakulima, wakapewa shamba la kulima. Waliokuwa wamejikunyata wakaanza kusema.

Vita vya uhuru vilipoanza Novemba 1954, mlango wake ukawa mgumu zaidi kuushika. Alitibu Waalgeria walioteswa, na alitibu pia maaskari wa Kifaransa waliotesa, wengine wakiwa wameanza kuwapiga wake na watoto wao. Siku moja askari mmoja alikutana uwanjani mwa hospitali na mtu aliyewahi kumtesa. Fanon alimkuta askari ameegemea mti, anatetemeka, jasho linamtoka. Yule mwingine alipatikana chooni akijaribu kujiua, akidhani wamekuja kumchukua tena. Wote wawili walikuwa wagonjwa wake.

Mwaka 1956 alijiuzulu, akiona hawezi kumrudishia mtu akili yake katika nchi inayomnyang'anya utu. Januari 1957 akafukuzwa Algeria. Alihamia Tunis, akajiunga na wapigania uhuru bila kuacha udaktari. Katika hospitali ya Charles-Nicolle alianzisha kliniki ya mchana. Mgonjwa alikuja asubuhi, jioni akarudi kulala kwao, asikatwe na mke, watoto na majirani.

Alifariki dunia Marekani tarehe 6 Desemba 1961 kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 36. Alizikwa katika ardhi ya Algeria, miezi michache kabla ya uhuru. Hospitali ya Blida leo inaitwa kwa jina lake.